Shadhli Mshonaji na Mwanya wa Jikoni

Shadhli wa Qasar Hilal alikuwa mshonaji wa majubba. Kama umewahi kusikia kwamba yuko mtu anayeweza kumpima bwana harusi kwa macho tu, bwana harusi mwenyewe akiwa ng'ambo ya barabara anakunywa kahawa yake, basi ndiye huyo. Utepe wa kupimia aliushika kwa heshima ya mteja, si kwa haja. Watu walisema, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema, kwamba aliwahi kumshonea jubba mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mamake. Akalikunja, akaliweka kabatini, na mtoto alipofika umri wa kutahiriwa akalivaa likamkaa kama ganda linavyolikaa yai.

Kisha zikaja nguo za viwandani. Mji wetu wa wafumaji ukajaa majengo yanayotema suruali usiku na mchana, na vijana wakawa wanaoa kwa suti za kukodi ambazo mabega yake yamekwisha kuoa mara ishirini. Shadhli akafunga duka. Alirudi nyumbani na mkasi wake mkubwa, vipande vyake vya chaki, bunda la karatasi za kukatia nguo, na kiburi chake chote, maana hicho hakikuwa na mnunuzi.

Nyumba yake na yangu zinagawana ukuta mmoja, ule wa jikoni kwake na barazani kwangu. Kwa hiyo mengi ninayoyasema hapa niliyasikia bila kuinuka mkekani, na yaliyobaki niliyaona kwa sababu mlango wao haufungi vizuri.

Mkewe, Mannubia, alikuwa amepika ndoa nzima akiwa amechuchumaa. Jiko lilikuwa la mama mkwe wake: tanuri chini, meza fupi chini, mitungi chini, na mpishi chini pamoja nayo. Siku moja asubuhi alijaribu kuinuka na sufuria ya mchuzi, magoti yakalia kwa sauti ambayo mimi upande wa pili nilidhani wanavunja lozi. Akarudi akaketi palepale sakafuni, akamwita mumewe.

"Shadhli. Nataka jiko la kusimama."

"La kusimama vipi, binti ami?" aliuliza, kama waume wa kwetu wanavyowaita wake zao.

"La kusimama kama watu. Kabati chini, ubao juu yake, na mimi wima. Magoti yangu yamekwisha kwa kuwainamia wewe na mamako, Mungu amrehemu."

"Haya. Nitakufungia."

"Utamwita fundi."

"Fundi? Mimi ni nani mji huu?"

"Wewe ni fundi wa nguo, mwanamume."

"Na kabati ni nini? Si koti la ukuta?"

Mwanamke aliyeishi na mshonaji anajua kwamba mtu mwenye mkasi mkononi habishiwi.

Nitasema haki: makabati aliyafunga vizuri. Yalikuja vipandevipande ndani ya maboksi, akayatandaza uani kama anayepanga jubba kabla ya kulishona, akayaunganisha bila kubaki na skrubu hata moja. Sinki akaliweka ukuta wa dirishani, peke yake. Ule ukuta mrefu, wetu sisi sote, akautengea ubao mmoja mzito wa mwaloni kutoka milima ya Ain Drahim. Aliununua kwa Hassuna, muuza mbao wa barabara ya sokoni, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko mbao zake.

"Nije nikufungie, Sidi Shadhli?" Hassuna alimuuliza alipouleta.

"Wewe uza mbao."

"Nauliza tu. Ukuta wako huo nauona umeshiba."

"Uza mbao, Hassuna."

Wakaupandisha ubao juu ya makabati na kuusukuma ukutani. Ukagonga katikati, du, ukakataa kwenda mbele. Katikati ubao ulikuwa umebusu ukuta. Mkono wa kushoto mwanya ulipitisha kidole. Mkono wa kulia mwanya ulipitisha mkono mzima na bangili zake.

Hapo lazima niwaambie kuhusu ukuta, maana mwenye kosa si Shadhli. Kwetu kila mwaka kabla ya Ramadhani wanawake hupaka chokaa. Mama yake Shadhli alipaka, na nyanya yake kabla yake, na huyo nyanya alikuwa mkali kiasi kwamba alipaka hata mbuzi aliyepita karibu. Chokaa juu ya chokaa, miaka na miaka, ukuta ukanenepa kama bibi harusi anayelishwa. Lakini pale kona ya kulia ulikaa mtungi wa mafuta ya zeituni, mtungi mkubwa ambao haukusogezwa tangu kuumbwa kwa dunia. Nani asogeze mtungi uliojaa? Walipaka kuuzunguka. Brashi ilipofika kwenye mtungi ilipinda, ikaendelea na safari. Ukuta ukanenepa kila mahali isipokuwa nyuma ya mtungi, na siku mtungi ulipoondolewa lilibaki umbo lake ukutani, tumbo na shingo, kama godoro linavyobaki na shimo la mtu mnene.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema chochote kuhusu ukuta ulionenepa.

"Hauonekani sana," alisema Shadhli.

"Nini hakionekani?" Mannubia aliuliza.

"Mwanya."

"Paka kaingia humo sasa hivi, Shadhli."

Na kweli paka alikuwa ameingia. Wengine watawaambia alitoka jioni. Mimi nasema alizaa humo, akalea, akaoza binti mmoja.

Shadhli akaanza kuuziba. Kwanza alifanya kama mshonaji: alikata vitambaa vya jubba vilivyobaki dukani, akavisokota kama utepe wa pembeni ya nguo, akavishindilia mwanyani kwa mwiko. Ilipendeza, siwafichi, ubao ulionekana umetiwa nakshi. Lakini kila Mannubia alipofuta ubao, maji yakaingia kwenye vitambaa, na wiki haikwisha kabla ya jiko kuanza kunuka kama soksi za askari. Akavitoa. Akachanganya chokaa na unga wa mbao, akakanda, akaziba. Mannubia akaja kutwanga kitunguu saumu, pigo la kwanza tu, donge zima likapasuka likaanguka nyuma ya kabati. Kitunguu saumu nacho kikalifuata.

Mwisho akanunua silikoni. Mtu aliyemuuzia alimwambia inaziba kila kitu. Labda inaziba kila kitu chembamba. Shadhli aliimimina bomba baada ya bomba kwenye shimo la mtungi, nayo ikazama, ikashuka, ikaning'inia chini ya ubao kama ulimi wa ng'ombe aliyechoka. Haijakauka mpaka leo, nadhani.

Huku nyuma mwanya ulikuwa unakula. Ulikula vijiko, ulikula limau, ulikula miwani ya Mannubia. Na kwetu sisi, tofauti na Waswahili, mwanya hausifiwi hata kinywani, seuze jikoni. Mannubia alikuwa amesimama wima sasa, magoti yamepata nafuu, lakini alipika akiwa ameweka mkono mmoja nyuma ya bakuli kama mama anayemzuia mtoto asianguke kisimani.

Kilichomkimbiza kilikuwa sisimizi.

Dada yake Wasila alikuja kutoka Sfax kumtembelea, na watu wa Sfax, mnawajua, hawaji kutembea, wanakuja kukagua. Mannubia akatengeneza makrudh, zile keki zetu ndogo za tende, akazipanga kwenye sinia, akaziacha juu ya ubao zipoe, akaja kuketi nasi barazani. Alipoenda kulichukua sinia hakuvaa miwani, kwa kuwa miwani ilikuwa ndani ya ukuta. Akamwekea dada yake mbele.

Wasila alichukua moja, akaitazama.

"Dada, siku hizi makrudh unatia habasoda?"

"Habasoda? Sitii mie."

"Basi ya kwako inatembea."

Mimi nilicheka mpaka kitambaa changu cha kichwa kikaanguka. Sikupaswa, lakini kicheko ni kama chafya. Mannubia hakucheka. Alikwenda jikoni, akainama na yale magoti yake, akachungulia: sisimizi walikuwa wanatoka kwenye shimo la mtungi kwa mstari, wazito, wameshiba, wanapeana salamu njiani. Walikuwa na mji mzima huko nyuma, unaolishwa na kila kilichoanguka.

Alifunga mzigo wake siku ileile. Shadhli akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi, binti ami?"

"Kwa dadangu."

"Kwa sababu ya wadudu?"

"Mama mkwe wangu alinipa jiko la kuchuchumaa, nikachuchumaa. Wewe umenipa jiko la kusimama, nimesimama na aibu mbele ya ndugu zangu. Siku sisimizi watakapokosa njia ya kuingia, nami nitapata njia ya kurudi."

"Na Maulidi?"

"Mbegu ninazo," alisema, akaupiga kofi mfuko wake. "Nitapika popote penye meko."

Hapo Shadhli akawa mweupe kuliko ukuta. Asida ya Maulidi, ule uji mzito mtamu wa zgugu, mbegu nyeusi za msonobari, Mannubia ndiye aliyeipika kwa kichochoro kizima, na kila nyumba ililetewa bakuli lake. Na kichochoroni petu tulikuwa na neno: mwanamke nyumba yake ni pale anapokorogea asida ya Maulidi. Mwanamke aliyekwenda kwa dadake akaikoroga huko, huyo hakwenda kutembea tena. Huyo amehama, hata kama nguo zake bado zimeanikwa kwa mumewe. Na Maulidi hayakuwa mbali. Mwezi wake ulikuwa umekwisha andama.

Baada ya hapo niliusikia ukuta ukipigwa. Shadhli alikuwa ameshika patasi na nyundo: ikiwa ubao haunyooki kuufuata ukuta, basi ukuta utanyooka kuufuata ubao. Chokaa ikaanza kubanduka tabaka kwa tabaka kama chapati za siagi. Nawaapia kulikuwa na tabaka la mwaka wa nzige na nzige mwenyewe ndani yake, amekunja mikono. Upande wangu sahani mbili zikaruka kutoka rafuni. Nikaupiga ukuta kwa kiatu.

"We Shadhli! Unakuja kwangu kwa posa au kwa nyundo?"

"Samahani, halati!" alijibu, maana mimi kichochoroni ni halati, mama mdogo wa wote. "Nanyoosha ukuta!"

"Utaninyoosha mimi!"

Nilimwita Hassuna aje amwokoe, au aniokoe mimi. Akaja, akaweka kiganja pale palipobanduliwa, mchanga ukamwagika kwenye mkono wake kama kutoka gunia lililotoboka.

"Acha, Sidi Shadhli. Humu ndani hamna mawe ya maana, ni udongo na dua. Chokaa ndiyo inayoushika. Ukiuvua nguo ukuta huu utakufa kwa baridi, na halati huyu utampata jikoni kwako."

"Sasa nifanyeje?"

"Uza nyumba," alisema Hassuna, akaenda zake.

Shadhli akarudisha chokaa alipopabandua. Kisha kimya. Siku mbili tatu sikusikia kitu, mpaka nikaanza kuogopa kwamba mtu wa watu amejifia kwa njaa na dengu za dukani. Nikabandika sikio. Akawa anazungumza na mtu.

"Simama vizuri, bwana. Usivute tumbo, mimi si mkeo. Una tumbo, si kosa, wengi wana matumbo. Bega hili la kulia limeshuka. Tangu lini? Tangu utotoni. Haya. Nimewavisha vibyongo, nimewavisha waliokatika mkono, nani alitoka dukani kwangu nguo imemvuta?"

Nikavaa shela yangu nikaenda kumuona huyo mgeni mwenye tumbo. Hakukuwa na mtu. Shadhli alikuwa amesimama mbele ya ukuta, kiganja kinapita juu ya chokaa polepole, macho yamefumbwa nusu, vilevile alivyokuwa akipita juu ya migongo ya mabwana harusi.

"Halati," alisema bila kugeuka, "nilikuwa mjinga. Nilikuwa naziba. Nguo ikiwa haimkai mtu, unaziba? Unatia pamba? Unaikata upya imfuate."

"Mbao si kitambaa, mwanangu."

"Kila kinachokatwa ni kitambaa."

Akatoa lile bunda la karatasi. Akaziunganisha mpaka zikawa ndefu kama ubao, akazilaza juu ya makabati, akaanza kuzisukuma ukutani na kuzikandamiza kwa ukucha pale karatasi inapokutana na chokaa, inchi kwa inchi, akikata kidogo kwa mkasi, akirudi, akikata tena. Tumbo la ukuta likaingia kwenye karatasi. Shimo la mtungi likatoka kwenye karatasi kama mbenuko wa nyonga. Alipomaliza, karatasi ilikuwa imelala pale bila kuacha nafasi ya unywele. Nilijaribu kuingiza unywele wangu mwenyewe, ule mmoja uliobaki mweusi. Haukupita.

Nikasema moyoni, Mannubia, fungua mzigo.

Ubao ulikuwa na upana wa kutosha wa kukatwa nyuma bila kuharibika mbele, kwa kuwa Shadhli, kama mshonaji yeyote mwenye akili, alinunua ziada ya pindo. Akautoa uani, akaulaza juu ya vigoda. Akaiweka karatasi juu yake, akapitisha chaki, akaazima msumeno wa umeme kwa Hassuna, na akakata. Ulikuwa mkato mzuri, wa mtu aliyekata mikono ya majubba maisha yake yote. Hassuna mwenyewe alisimama mlangoni akakosa la kusema, na hilo huwa halitokei hata kwenye mazishi.

Wakaubeba ndani, uso unaong'aa juu, wakausukuma.

Ulikuwa vibaya kuliko siku ya kwanza. Pale ukuta ulipotoka tumbo, ubao nao ulitoa tumbo. Pale ukuta ulipobonyea, ubao nao ulibonyea. Nyonga iliyokatwa kwa ajili ya shimo la mtungi la kulia sasa ilikuwa kushoto, nalo shimo likabaki wazi. Ungefikiri ubao ule ulikatwa kwa ajili ya nyumba ya jirani, na kwa maana moja ilikuwa hivyo.

Mnajua alichofanya? Mshonaji hapigi chaki kwenye uso wa nguo. Chaki huacha alama, nguo ya harusi itachafuka. Mshonaji huilaza nguo kifudifudi, anachora upande wa ndani, anakata, kisha anageuza. Shadhli aliulaza ubao kifudifudi bila hata kufikiri, mikono yake ilimfanyia kabla kichwa hakijafika. Akaiweka karatasi juu ya mgongo wa ubao, uso wa karatasi ukiangalia juu. Alipougeuza ubao kuupeleka ndani, kulia kukawa kushoto. Seremala asingelifanya kosa lile hata akiwa usingizini. Lile lilihitaji miaka arobaini ya majubba.

Shadhli aliketi sakafuni, palepale alipokuwa akiketi Mannubia.

Hassuna akapata ulimi wake. Alicheka mpaka akashika kabati.

"Fundi! Umeshona mikono miwili, yote ya kushoto!"

"Nenda, Hassuna."

"Jubba la kaa! La kaa wa bahari!"

"Nenda, nimekwambia. Mannubia amekwisha nunua lozi za kupambia asida, huko Sfax. Kaniambia Wasila kwenye simu. Nenda uniache."

Hassuna akaacha kucheka, maana hata mdomo mrefu una mwisho. Akamnyooshea mkono amwinue. Shadhli hakuushika. Alikuwa anaangalia ubao, na midomo yake inatikisika.

"Mikono miwili ya kushoto," alisema polepole.

"Nisamehe, nilikuwa nafanya mzaha."

"Hapana, sema tena. Hivi wewe unajua nilifanyaje mwanafunzi wangu alipokata mikono miwili ya kushoto, ya hariri, ya mwana wa kadhi? Hariri ilikuwa ya sura mbili, huku na huku sawa. Nilimwambia, mmoja ugeuze." Akainuka, magoti yake nayo yakalia. "Huu ubao ndani una nini, Hassuna? Una unga wa mbao na ngozi ya plastiki juu?"

"Mimi nikuuzie plastiki? Huo ni mwaloni huku, mwaloni huku, mwaloni katikati. Lakini mgongo wake ni mgongo, Sidi Shadhli. Una macho ya matawi, una meno ya msumeno, una rangi yangu nyekundu niliyotia alama."

"Mgongo hupigwa pasi," alisema Shadhli.

Waliugeuza. Tumbo likaingia kwenye tumbo. Nyonga ikakaa kwenye shimo la mtungi kama mtoto kwenye nyonga ya mamake. Ubao ulitoa sauti ndogo tu, kama mtu anayeketi baada ya safari.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya msasa. Walisugua zamu kwa zamu, msasa mkali kisha laini kisha laini zaidi, na vumbi la mwaloni likapita chini ya mlango likaniingia kwenye kahawa. Alama nyekundu ilitoka. Ukingo wa mbele ukaviringishwa. Macho ya matawi hayakutoka, yalibaki, makubwa matatu na madogo yasiyo na idadi. Akapaka mafuta ya kitani, yakanywewa, akapaka tena. Nyuma, ubao ulipokutana na ukuta, aliacha nafasi ndogo kama uzi, kwa kuwa mbao huvuta pumzi majira ya mvua na asiyeiachia nafasi ataisikia ikipasuka. Hapo ndipo silikoni ikapata kazi yake ya halali. Aliitoa nyembamba, akaipitisha kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni, mkono mmoja bila kusimama, kutoka kona mpaka kona. Ukiitazama ungesema ni mshono.

Nilimpigia Mannubia simu mimi mwenyewe.

"Rudi. Imekwisha."

"Umeona kwa macho yako, halati?"

"Nimeona. Hata malaika mwembamba hapiti."

"Wewe ndiye uliyesema paka kaoza binti humo."

"Hilo ni kweli pia."

Nikasikia watoto wa Wasila wakigombana nyuma yake. "Nitakuja kutazama," akasema. "Kutazama tu. Mbegu zangu naja nazo na nitarudi nazo."

Alifika asubuhi, siku moja kabla ya Maulidi, na Wasila nyuma yake kama shahidi wa mahakamani. Hakumsalimu Shadhli zaidi ya salamu ya Mungu. Akauweka mfuko wa mbegu kwenye kiti, si juu ya ubao. Akachukua chupa ya asali rafuni, akachovya kijiko, akavuta mstari wa asali juu ya ubao, kandokando ya mshono, urefu wote. Kisha akavuta kiti akaketi.

"Tunangoja nini?" aliuliza Shadhli.

"Wenyewe wanajua."

Basi tukangoja. Shadhli amesimama, Hassuna amesimama, Wasila ameketi, mimi nimeketi, wote tunakodolea asali. Sijawahi kuona watu wazima wakingojea sisimizi kwa heshima namna ile. Hata gavana hakungojewa hivyo. Asali iling'aa. Shadhli alikuwa akijifuta viganja kwenye suruali.

Wa kwanza akaja. Lakini alikuja kwa mbele, alipanda kwenye mguu wa kabati kutoka mlangoni, akapita ubao mzima kama msafiri wa jangwani, akafika kwenye asali, akanywa. Kisha akataka kwenda nyumbani. Tukamwona anakwenda kwenye mshono, anaugusa kwa ndevu zake. Akatembea kulia mpaka shimo la mtungi lilipokuwa, akasimama. Akajaribu. Akarudi kushoto urefu wote, akigusa, akigusa. Hapana. Alikwenda na kurudi, na Mannubia kichwa chake kikimfuata huku na huku. Mwisho yule mdudu akashuka kwa njia aliyopandia, akatoka nje mlangoni.

"Mmoja," alisema Wasila. "Mmoja si ushahidi."

"Wasila," alisema Mannubia, "nyamaza."

Akainuka. Akausimamia ubao, akaweka viganja viwili juu yake, akavipitisha kutoka katikati kwenda pembeni. Vidole vikakutana na jicho la tawi, lile kubwa.

"Hii nini?"

Shadhli akasogea karibu. "Jicho la mti. Ubao umekaa kinyume, binti ami. Huo ni upande wa ndani. Nilikosea nikaugeuza."

Mannubia akaangalia jicho lile, akaangalia mengine. Hassuna alifungua mdomo nikamkanyaga.

"Kwa hiyo umeuficha uzuri chini," alisema.

"Mng'aro uko chini, ndiyo. Juu ni hivyo ulivyo."

Alipitisha kidole kwenye jicho mara moja zaidi. Kisha akafuta asali kwa kitambaa, akachukua mfuko wake wa mbegu kutoka kwenye kiti, akaumwaga wote juu ya ubao, mbegu nyeusi zikatawanyika kila upande na kugonga ukuta, tik tik tik, zikarudi. Hata moja haikuanguka nyuma.

"Haya, mwanamume, usisimame kama nguo iliyoanikwa. Zichague zile zenye vijiti. Wasila, maji. Halati, wewe kwako kuna kichujio changu tangu Maulidi ya mwaka jana, usijifanye umesahau. Na Hassuna nani kamwalika?"

"Nimeuza ubao," alisema Hassuna.

"Basi utapata bakuli. Dogo."

Shadhli alikuwa amekwisha inamia ubao, miwani puani, anachagua mbegu moja moja kama anayetafuta uzi uliokatika. Mannubia alimsukuma kwa nyonga ili apate nafasi, akasimama kando yake, wima, na nusu saa nzima hakuketi.